Waranti Ikiisha, Kikundi Kisiishe

Mazungumzo na wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya maendeleo, katika semina ya siku moja kwenye ukumbi wa parokia





Tulipoombwa tuzungumze leo, huenda baadhi yenu mlitarajia tuje na habari za miradi mipya, kuku, nyuki au mikopo. Tumekuja na habari ya gari bovu. Msicheke. Karibu kila kikundi kilichoketi hapa kina chombo cha injini. Wengine wana pikapu, wengine mashine ya kusaga, wengine pampu ya maji au pikipiki. Kila chombo kilikuja na karatasi inayoitwa waranti, na karatasi hiyo imelala kwenye bahasha mahali fulani, haijasomwa. Sisi ya kwetu ilitufia mikononi, na mwezi mmoja baadaye tukapewa bili ya karibu nusu milioni.

Tukisema "sisi" leo, tunamaanisha ofisi yetu ya maendeleo ya jamii pamoja na akina mama 34 wa milima ya Taita wanaopeleka mboga Mombasa. Hatuwezi kusema "wao". Makosa tuliyafanya pamoja, na kosa la kwanza lilitoka ofisini.

Tulivyonunua

Biashara ya milimani mnaijua. Wundanyi na vitongoji vyake kuna nyanya, kabeji, hoho na sukuma. Soko kubwa ni Kongowea. Kwa miaka mingi dalali alikuja shambani na lori lake, akataja bei anayoitaka yeye, na mama akakubali kwa sababu nyanya haingoji. Kwa hiyo akina mama hawa waliweka akiba, wakachukua mkopo wa sacco wa kulipa shilingi 55,000 kila mwezi, na Machi 2021 wakawa tayari kununua pikapu.

Kulikuwa na njia mbili. Kwanza, gari la mtumba kutoka yadi, bei nafuu. Pili, gari jipya la dizeli kutoka kwa muuzaji wa magari, bei ya juu. Sisi wa ofisini ndio tuliosema, "Nunueni jipya. La mtumba halina waranti. Hili lina waranti ya miaka mitatu, mtalala usingizi."

Neno hilo "miaka mitatu" likatutosha. Hakuna aliyesoma mstari uliofuata, wala sisi wenye diploma hatukuusoma. Kitabu kilisema miaka mitatu AU kilomita 100,000, chochote kitakachotangulia.

Tufanye hesabu ambayo hatukuifanya siku ile. Kutoka Wundanyi kushuka Mwatate, kwenda Voi, kisha kufuata barabara kuu mpaka Mombasa ni kama kilomita 200. Kwenda na kurudi, 400. Gari lilikwenda mara tatu kwa wiki, ndiyo kilomita 1,200 kila wiki. Gawanya 100,000 kwa 1,200 utapata wiki 83. Hiyo ni kama miezi kumi na tisa tu! Waranti tuliyodhani itatufikisha Machi 2024 ilikwisha Oktoba 2022, na hakuna aliyejua. Gari la mtu anayekwenda ofisini na kanisani lingemaliza ile miaka mitatu. Gari la kazi kama letu haliwezi.

Usiku wa Mackinnon Road

Novemba 2022, usiku wa manane, gari likiwa limejaa nyanya na hoho, dereva aliona taa ya injini imewaka pale mbele yake. Gari likawa linakohoa na kukosa nguvu. Akaendelea polepole akitumaini kufika. Karibu na Mackinnon Road likazima kabisa. Mita ilisoma kilomita 104,600.

Hapo ndipo mtu anaelewa maana ya mzigo unaooza. Mpaka lori la kusaidia lilipopatikana jua lilikuwa limeshapanda, na nyanya za chini kwenye makreti zilikuwa zimeanza kutoa maji. Kongowea ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Gari likavutwa mpaka Mombasa, kwa kampuni iliyotuuzia. Baada ya siku mbili tukapewa makadirio:

Injekta nne kwa shilingi 58,000 kila moja: 232,000.
Pampu ya dizeli: 168,000.
Kusafisha tangi na mabomba, filta, na kazi ya mafundi: 86,000.
Jumla: 486,000.

Injekta, kwa wale wasiojua, ni vile vifaa vinavyopulizia dizeli ndani ya silinda. Mafundi wengine huviita nozo.

Tukauliza kuhusu waranti. Yule msichana wa mapokezi akafungua kompyuta, akatuambia kwa adabu, "Yenu iliisha mwezi uliopita." Tukatoka nje tukasimama kwenye jua bila kusema neno. Deni la sacco lilikuwa na zaidi ya miaka miwili mbele.

Gari huharibika mara mbili

Tumejifunza kwamba gari la kikundi huharibika mara mbili. Mara ya kwanza ni injini. Mara ya pili ni watu.

Jumapili iliyofuata tulikutana baada ya Misa. Dereva ni mtoto wa dada yake Mama Mwenyekiti, na hilo peke yake lilitosha kuwasha moto. Mama mmoja akasimama akasema, "Hii gari ni mpya, hata miaka miwili haijamaliza. Mpya haifi hivyo. Kuna mtu ametuuza." Mwingine akataka gari liuzwe lilivyo, kila mtu achukue chake aende. Mwenyekiti akaanza kulia. Tuliona wazi kwamba kazi ya miaka sita ingeishia palepale kabla ya jua kuzama.

Sisi tulikuwa tumeandaa barua kali ya kuipeleka kwa kampuni, kwamba wametuuzia gari bovu. Tulikuwa tayari kuisoma. Lakini tukaona kwanza tumwulize dereva swali moja mbele ya wote, bila ukali: "Tueleze, dizeli ulikuwa ukiweka wapi?"

Kijana alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nisameheni, akina mama. Nilinunua ile ya mitungi, kando ya barabara."

"Mara ngapi?"

"Tangu mwezi wa sita, labda mara nane."

"Kwa nini?"

"Pesa mlizonipa hazikufika. Nilimwambia mweka hazina."

Watu wote wakamgeukia mweka hazina. Naye akainamisha kichwa. "Ni kweli aliniambia. Nikamwambia avumilie mpaka mkutano mkuu."

Basi tukaomba penseli. Machi 2021, tuliponunua gari, bei ya dizeli iliyotangazwa kwa Nairobi ilikuwa kama shilingi 107 kwa lita. Safari moja hula kama lita 40, yaani shilingi 4,300 hivi. Kikundi kikapanga kumpa dereva 4,500. Baadaye kikaongeza mpaka 5,000, kikaridhika. Lakini Septemba 2022 dizeli ilifika shilingi 165 kwa lita. Lita 40 zikawa 6,600. Kila safari kulikuwa na pengo la shilingi 1,600, na tulimwachia kijana wa miaka ishirini na sita alizibe apendavyo. Akaliziba kwa mtungi.

Dizeli ya mitungi mara nyingi ni ya wizi iliyonyonywa kwenye malori, na mtu hajui imechanganywa na nini. Wengine huchanganya na mafuta ya taa. Uchanganyaji ulizidi katika nchi yetu hata mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia. Injini za zamani ziliweza kuvumilia kidogo. Hizi za kisasa husukuma dizeli kwa nguvu kubwa sana kupitia matundu membamba mno, na pampu hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa hayalainishi vizuri. Maji na uchafu kidogo tu hukwaruza kila kitu.

Hapo tukafahamu jambo gumu. Hata kama waranti ingekuwa hai, isingetusaidia. Kitabu kinasema wazi kwamba uharibifu unaotokana na mafuta machafu haulipwi. Tulikuwa tunalilia mlango ambao kwa vyovyote usingefunguliwa.

Barua ya pili

Sasa likaja jaribu. Mmoja wetu, hatutasema nani, akasema, "Habari ya mitungi iishie hapa hapa. Tupeleke barua. Nani atajua?" Wengine wakaitikia kwa kichwa. Shilingi 486,000 ni nyingi, na njaa haina adabu.

Mama mmoja ambaye ni katekista, asiyependa kusema sana mikutanoni, akainuka akasema, "Tumemtaka kijana aseme ukweli mbele ya watu wote, akausema. Sasa sisi wazazi wake twende Mombasa tukaseme uongo?"

Barua ya kwanza tukaichana. Tuliona aibu, kwa sababu mkono ulioiandika ulikuwa wetu.

Lakini ndugu zangu, kusema ukweli si sawa na kukubali bili yoyote unayopewa. Wakristo wengi huchanganya mambo hayo mawili. Kosa letu lilikuwa dizeli. Hilo halikumaanisha lazima tununue injekta nne na pampu. Kwa hiyo hatukuruhusu kazi ianze. Tulilipa shilingi 7,000 za kupima, tukalihamisha gari kwenye karakana nyingine palepale Mombasa, ya fundi ambaye kazi yake ni pampu na injekta za dizeli tu. Tukamweleza yote, pamoja na mitungi. Akafurahi. Akasema wateja wengi humficha ugonjwa kama mtu anayemficha daktari, kisha humlaumu dawa zisipofanya kazi.

Alivitoa vifaa akaviweka kwenye mashine ya kupima, kimoja kimoja, tukiangalia. Injekta mbili zilikuwa zimekufa. Mbili zilikuwa chafu, za kusafishwa. Pampu ilikuwa nzima. Ile ya shilingi 168,000 haikuhitajika!

Kisha akafungua filta ya dizeli, akatuita. Ilikuwa nyeusi, na maji yamekaa chini. Juu yake mafundi wa kampuni walikuwa wameandika kwa kalamu nyeupe, kama wanavyofanya siku zote, kilomita walizoibadilishia: 75,000. Tukafungua faili letu la sevisi. Filta hiyo hubadilishwa kila kilomita 15,000, na risiti ya sevisi ya kilomita 90,000 ilionyesha tumetozwa filta mpya ya dizeli pamoja na kazi ya kuifunga. Tuliilipia, nao hawakuibadilisha. Ile ya zamani ilikaa kwa karibu kilomita 30,000.

Tukaandika barua ya pili, ukurasa mmoja tu. Tulieleza kwamba dereva wetu alitumia dizeli isiyofaa na kwamba hilo ni kosa letu. Tulieleza pia kwamba walitutoza filta wasiyoiweka, na kwamba filta nzima ingeweza kupunguza madhara. Tukaambatisha nakala ya risiti na picha ya filta. Hatukutukana. Tukaomba mambo mawili, filta na nafuu ya bei ya injekta, tukataja siku 14 za kujibu.

Siku ya kumi meneja alitupigia simu. Alisema waranti hawezi kuifufua, na tukamwambia hatukumwomba aifufue. Akatupa filta bure na injekta mbili kwa nusu bei. Hatudai kwamba kila kampuni itafanya hivyo. Tunasema tu kwamba risiti moja na kalamu nyeupe vilizungumza vizuri kuliko kelele zetu zote.

Hesabu ya mwisho

Tunaitoa yote, maana kikundi kisichosoma hesabu hadharani kinajichimbia shimo:

Kuvutwa kwa gari mara mbili: 25,000.
Kupima kwa kampuni: 7,000.
Kupima kwa fundi wa pili: 8,000.
Injekta mbili kwa nusu bei: 58,000.
Kusafisha injekta mbili: 12,000.
Kusafisha tangi na mabomba: 14,000.
Kazi ya fundi: 22,000.
Jumla: 146,000.

Bado ni pesa nyingi. Kila mwanachama alitoa 2,000, tukapata 68,000. Akaunti ya kikundi ikatoa 46,000. Zilizobaki 32,000 fundi alikubali tulipe kwa miezi miwili, kwa maandishi. Sacco tuliiendea kabla ya tarehe ya malipo, si baada ya kukosa. Tukaonyesha karatasi zote, nao wakakubali nusu ya malipo ya Desemba na kuigawa nusu nyingine kwa miezi iliyofuata. Kwa wiki tatu tulipeleka mboga kwa lori la kukodi, faida ikawa haionekani. Mama wawili walijitoa kwenye kikundi, na hawajarudi. Hilo bado linatuuma.

Dereva hakufukuzwa. Kulikuwa na kura, na waliotaka abaki walizidi kwa kura tano tu. Tangu siku hiyo hashiki pesa za dizeli. Anaingia kituo cha mafuta tulichochagua, anapiga simu, na mweka hazina analipa kwa M-Pesa moja kwa moja kwa kituo. Ujumbe wa malipo ndio risiti. Kijana mwenyewe anasema sasa anaendesha akiwa na amani.

Mambo ya kushika

Tunaomba makatibu mwandike haya.

Kwanza, someni waranti siku ya kununua, si siku ya msiba. Angalieni muda, kilomita au saa za kazi, na yale isiyolipa. Kisha pigeni hesabu ya matumizi yenu wenyewe, mwandike ukutani tarehe halisi itakapokwisha. Mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo, pelekeni chombo kikaguliwe chote. Kasoro ikigunduliwa ndani ya waranti wanalipa wao, na siku moja baadaye mnalipa ninyi.

Pili, wekeni faili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila sevisi, kila risiti, kilomita na tarehe.

Tatu, kikiharibika, simamisheni kazi mpaka mjue bei. Gereji ina haki ya kulishikilia gari mpaka ilipwe kazi iliyofanya kwa ruhusa yenu. Kwa hiyo ruhusa ndiyo silaha yenu, msiitoe kwa simu mkiwa na hofu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu matengenezo ya magari. Inamtaka fundi atoe makadirio kwanza, asiyapite kwa zaidi ya asilimia 10, na awarudishie spea alizozitoa. Ombeni spea hizo. Hata kama ni chuma kibovu, ni ushahidi wenu.

Nne, tafuteni macho ya pili bili ikiwa kubwa. Sisi tulitumia shilingi 8,000 za kupima, zikatuokoa pampu ya 168,000. Lakini chagueni fundi wa kazi hiyo hasa. Fundi hodari wa breki si lazima awe fundi wa injekta.

Tano, jueni kwamba waranti ikiisha haki zote haziishi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, nayo inataka kitu kinachouzwa na mfanyabiashara wa vitu hivyo kiwe cha ubora wa kuuzika, isipokuwa mkataba umesema vingine. Lakini lazima muweze kuonyesha kwamba kasoro ilikuwamo tangu mwanzo, si ya matumizi yenu mabaya. Ndiyo maana tunarudi kwenye faili. Mkishindwa kuelewana kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Mnaweza kujieleza wenyewe bila wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Sisi hatukufika huko, na tulifurahi kutofika, lakini ni vizuri kujua mlango upo.

Sita, wekeni mfuko wa matengenezo ambao hauguswi kwa harusi wala kwa matanga. Sisi sasa tunaweka shilingi nne kwa kila kilomita. Kwa safari moja ni 1,600. Kwa wiki ni 4,800. Kwa mwaka ni karibu 250,000. Mwaka wa kwanza akina mama walinung'unika. Mwaka uliofuata klachi ilipokwisha tulilipa siku hiyohiyo, hakuna aliyepigiwa simu ya mchango, na hakuna aliyemshuku mwenzake. Tazameni ajabu hii: shilingi 1,600 ndilo lile pengo la dizeli tulilokataa kuliona. Pesa tuliyodhani hatuna, sasa tunaiweka kila safari.

Saba, kabla ya kuuliza nani atalipa, ulizeni ukweli ni upi. Na ukweli ukitajwa, mlindeni aliyeutaja. Kama tungemfukuza kijana yule palepale, dereva atakayefuata angejifunza kitu kimoja tu, kunyamaza.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yesu anataja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye ni lazima aketi kwanza ahesabu gharama. Zamani tulidhani maana yake ni gharama ya kununua. Sasa tunajua mnara una gharama ya kuujenga na gharama ya kuulinda usianguke, na ya pili haiishi. Sisi tulihesabu ya kwanza tu.

Gari bado linatembea. Wiki hii limeshuka mara tatu kwenda Kongowea. Siku moja litakufa kabisa, kama kila chuma. Siku hiyo tunataka itukute na mfuko wenye pesa, faili lenye risiti, na akina mama ambao bado wanaketi pamoja.

 

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Chombo cha kikundi chetu kina waranti? Iko wapi, na kwa matumizi yetu itaisha lini hasa?
2. Pesa za mafuta, au za kuendesha mashine yetu, zilipangwa mwaka gani? Bado zinatosha? Nani anaziba pengo, na anaziba kwa nini?
3. Mtu akikosea katika kikundi chetu, anaweza kusema bila kuogopa? Mara ya mwisho mtu alipokiri kosa, tulimfanyia nini?
4. Tukianza kuweka akiba ya matengenezo wiki ijayo, tutaweka kiasi gani kwa kila safari au kila siku ya kazi, na nani atashika daftari?